Mswaki, mafuta, dawa au nyigu: njia nne za kukabili vidugamba wa ngao

Mlimau wangu unaishi kwenye dramu la plastiki lililokatwa nusu, balkoni ya orofa ya pili, mtaa wa Umoja, Nairobi. Mwaka juzi majani yake yalianza kupata madoa ya manjano, na kwenye vijitawi vikajitokeza vitu vya mviringo, rangi ya kutu, vidogo kama kichwa cha pini. Nilidhani ni ukungu. Nikakata kijitawi kimoja, nikakitia kwenye mkebe wa siagi (mifuko ya plastiki tuliagana nayo 2017), nikaanza kuzunguka nacho nikiuliza.

Muuza miche wa kando ya Ngong Road hakukitazama mara mbili. "Hao ni wadudu, boss. Piga sabuni ya kipande, wataisha." Kijana wa agroveti mjini alitoa chupa kabla sijamaliza kueleza: "Chukua hii. Inamaliza kila kitu." Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Limuru ambaye amelima matunda tangu sijazaliwa. Alivaa miwani, akakigeuza kijitawi juani, akaniuliza, "Kijana, hawa wengine wamekufa zamani. Nani amewaua?"

Majibu matatu kwa mdudu mmoja. Baada ya msimu mzima wa kujaribu kila kitu, nimeona kwamba hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alijibu kwa kufikiria mmea anaoujua yeye: muuza miche alifikiria mche wa kimo cha goti, kijana wa agroveti alifikiria shamba, na mzee alifikiria mti mkubwa uliosimama nje miaka ishirini. Nimeandika haya kwa ajili ya mtu aliyekwama pale nilipokwama mimi, ana mmea mmoja au kumi, na anatajiwa dawa tofauti kila anapouliza.

Geuza jani kwanza

Vidugamba, wadudu wadogo wanaojibandika kwenye mmea na kuufyonza, ni ukoo mkubwa. Ninaowazungumzia hapa ni wa jamii ya Diaspididae, yenye spishi zaidi ya 2,000 zinazojulikana. Utawakuta kwenye michungwa na milimau, miembe, mawaridi, okidi, dungusi, na mitende ya sebuleni. Jike akishachagua mahali pake hapo ndipo maisha yake yote. Hupoteza miguu, hutumbukiza mdomo mrefu kama uzi ndani ya mmea, kisha hujijengea paa kwa nta na ngozi kuukuu alizojivua. Paa hilo ndilo ngao, nalo ni kitu mbali na mwili wake.

Chukua sindano uinue ukingo. Ngao ikibanduka na chini yake ukaona kidude laini cha manjano kimebaki kimekaa, huyo ni wa ngao. Ukikuta gamba na mdudu ni kitu kimoja, una kidugamba laini, ambaye ni mdudu mwingine. Jaribu kwa wadudu watano au sita, maana wale wekundu wa michungwa huwa wameng'ang'ana na ngao zao wakati jike anazaa, na anayepima mmoja tu anaweza kudanganyika.

Dalili ya pili ni kitu ambacho hukioni. Vidugamba laini, vidukari, na vidung'ata wale weupe kama unga hunyonya utomvu mtamu na kuutoa nyuma kama maji ya sukari. Ndiyo maana mmea wao hunata, hupandwa na sisimizi, na kuvaa masizi meusi. Wa ngao hawafanyi hivyo. Wao hufyonza seli moja moja za jani au gome wala hawagusi mishipa ya utomvu, kwa hiyo hawana sukari ya kumwaga. Mmea wako ukiwa unanata na sisimizi wamepanga foleni, una mdudu mwingine, au una wote wawili. Jambo hili dogo litaamua dawa gani itafanya kazi na ipi itakula pesa zako bure.

Kutotambua mdudu kuliwahi kuigharimu nchi hii. Miaka ya 1920 na 1930, kahawa ya nyanda za juu ilivamiwa na kidung'ata ambaye wataalamu walidhani ni spishi nyingine, wakawatafuta maadui wake huko Asia bila mafanikio. Ilipobainika kuwa ni mdudu wa peke yake, ambaye leo anaitwa Planococcus kenyae, ikaonekana adui wake yuko Uganda, jirani tu. Nyigu walioletwa kutoka huko 1938 ndio waliomtuliza.

Mwisho, ponda wachache kwa ukucha. Aliye hai hutoa maji. Aliyekufa hukatika kama ganda kavu la kitunguu. Ngao za waliokufa hubaki kwenye mmea miezi mingi, na watu wengi hupuliza dawa mara ya tatu na ya nne juu ya makaburi.

Maswali matano ya kupimia

Njia zote nne nimezipima kwa maswali yale yale. Inamwua mdudu wa umri gani? Inafika wapi kwenye mmea? Inakula muda na pesa kiasi gani? Ina hatari gani kwako, kwa mmea na kwa wadudu wema? Inamfaa nani?

Swali la kwanza linahitaji maelezo kidogo, maana ndilo linalowashinda wengi. Mdudu huyu ana wakati mmoja tu wa udhaifu mkubwa: anapokuwa mtambazi. Watambazi ni watoto wa siku moja mbili, wana miguu sita, hawana ngao, na ni wadogo kiasi kwamba upepo, nguo au mguu wa ndege huweza kuwahamisha. Wakishatulia na kuanza kujenga paa, sabuni na dawa nyingi za kugusa huteleza juu yao.

Sasa fikiria jike wa yule mwekundu wa michungwa. Hatagi mayai. Anazaa watoto hai, wawili watatu kwa siku, kwa wiki sita hadi nane, jumla yao mia moja hadi mia na hamsini. Ukipuliza leo umewapata watambazi wa leo. Wa kesho bado wako tumboni mwa mama, chini ya paa. Kule California majira ya baridi huwapunguza kasi, na watambazi hutoka kwa mawimbi ambayo wakulima huyahesabu. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, haina baridi ya kuwasimamisha. Julai huwapunguza mwendo tu. Kwenye jani moja utamkuta bibi, binti na mjukuu, na hakuna siku moja ya kuwavizia wote. Ndiyo maana kila njia hapa chini inadai urudi.

Kama hujui watambazi wanatoka lini, zungushia kijitawi seloteji ya kunata pande mbili, ndani ya eneo lenye wadudu. Itazame kila wiki kwa kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Nukta za manjano zilizonasa ndizo zenyewe.

Mswaki na mkasi

*Inamwua nani.* Wote wanaoguswa, wa umri wowote. Hii ndiyo sifa ambayo njia nyingine hazina. Mswaki laini na maji ya sabuni hung'oa ngao pamoja na mwenye nyumba, naye akishang'oka hawezi kurudi, hana miguu na mdomo wake umekatika. Mkasi nao huondoa tawi zima lililojaa.

*Inafika wapi.* Pale mkono wako unapofika, basi. Mifereji ya gome, mikunjo ya shina la jani, na sehemu ya chini ya majani ya okidi yaliyobanana, hizo zitakuponyoka. Kwa mimea ya ndani yenye majani magumu mimi hutumia pamba iliyoloweshwa spiriti, nikigusa mdudu mmoja mmoja, baada ya kujaribu jani moja kwanza na kungoja siku mbili.

*Muda na pesa.* Pesa ni bei ya mswaki. Muda ndio mtihani. Mlimau wa kimo cha kifua ulinichukua Jumamosi nzima mara ya kwanza, dakika arobaini mara ya pili, na robo saa kila mara zilizofuata. Nilirudi kila baada ya siku kumi kwa miezi miwili.

*Hatari.* Karibu hakuna, mradi usikwaruze gome changa. Matawi uliyokata yatie kwenye gunia ulifunge siku hiyo hiyo. Ukiyaacha chini ya mmea, watambazi watatembea kurudi juu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mimea michache anayoipitia kila siku akiwa na kikombe cha chai. Haimfai mwenye ua wa mita hamsini, wala anayesafiri wiki mbili kila mwezi.

Mafuta, na nduguye sabuni

Naanza na sabuni ili niimalize. Sabuni huua vidudu laini kwa kuwagusa vikiwa vimelowa. Ikikauka kazi imekwisha. Kwa watambazi inafaa, kwa mwenye ngao haifui dafu. Kwa hiyo ushauri wa muuza miche wangu ulikuwa nusu ya kweli: sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, iwe nyepesi, irudiwe kila wiki. Poda ya kufulia usiiguse, huchoma majani.

*Inamwua nani.* Mafuta hufanya kazi kwa kuziba matundu ya kupumulia, na tofauti na maji hupenya ukingoni mwa ngao. Huwapata watambazi wote yanaowalowesha, wachanga wengi waliokwisha kutulia, na sehemu ya wakubwa. Ngao zikiwa zimepandana tabaka juu ya tabaka, wa chini hupona. Ndiyo sababu napiga mswaki kwanza, mafuta baadaye.

*Inafika wapi.* Pale tone linapofika. Ukipuliza juu ya majani tu, umepoteza jioni yako, kwa sababu wengi wako chini ya jani na kwenye vijitawi. Chupa ya kunyunyizia inatosha kwa mmea wa balkoni. Kwa mti wa mita tatu utahitaji pampu ya mgongoni na subira ya kupuliza kutoka chini kwenda juu mpaka majani yadondoshe.

*Muda na pesa.* Mafuta meupe yaliyotengenezwa kwa ajili ya mimea huchanganywa kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, yaani mililita 10 hadi 20 kwa lita. Lebo ya chupa yako ndiyo yenye neno la mwisho. Rudia mara mbili au tatu, kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Mafuta ya mwarobaini hutumiwa kwa njia hiyo hiyo, na yana faida ya ziada: kiini chake, azadiraktini, huvuruga ukuaji wa wadudu wachanga. Icipe pale Kasarani, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, imewahi kuufanyia mti huu kazi kubwa. Lakini mwarobaini unaouzwa bila lebo kwenye chupa ya maji unaweza kuwa na nguvu au kuwa mafuta ya kupikia yenye harufu; huna namna ya kujua.

*Hatari.* Ziko kwa mmea zaidi kuliko kwako. Usipulize jua likiwa kali, wala mmea ukiwa na kiu, wala karibu na siku uliyotumia salfa. Mimea yenye poda ya buluu kwenye majani, kama baadhi ya mimea ya majani manene, hupoteza poda hiyo na hairudi kwenye majani yale. Majimbi ya mapambo na okidi nyingine ni wepesi kuungua. Mimi nilijifanya mjanja Februari moja: mafuta ya kupikia, poda ya kufulia kidogo, saa sita mchana, balkoni inayotazama magharibi. Kufikia Ijumaa mlimau ulikuwa umeangusha theluthi ya majani yake, na vidugamba waliokuwa shinani walikuwa salama salimini.

*Inamfaa nani.* Mwenye mmea wa kula anayetaka kuvuna bila wasiwasi mkubwa, mwenye mimea mingi kiasi kwamba mswaki peke yake hauwezi, na aliye tayari kuamka mapema au kusubiri jioni.

Dawa za viwandani

Hapa ndipo nimeona watu wakipoteza pesa nyingi zaidi, na mara nyingi si kwa sababu dawa ilikuwa feki.

*Inamwua nani.* Tuzigawe. Dawa za kugusa, zikiwemo za pareto na ndugu zake wa maabara, huwaua watambazi na kuishia hapo. Ngao ni mwavuli mzuri. Dawa zinazonyonywa na mmea zinaonekana kama jibu, maana zinaingia kupitia mizizi na kumfikia mdudu kutoka ndani. Lakini kumbuka yale ya sukari: mdudu wa ngao hanywi kwenye mishipa. Imidaklopridi, ambayo ndiyo utakayopewa mara nyingi ukiomba dawa ya kumwaga mizizini, huwatuliza vidukari na vidugamba laini vizuri, na kwa wa ngao mara nyingi haitoshi. Zipo zilizo afadhali kwao. Dinotefurani huyeyuka kwa wepesi zaidi na kusambaa hadi kwenye seli wanazofyonza. Spirotetramati hupanda na kushuka ndani ya mmea. Na kuna zile za kuzuia ukuaji, ambazo humfanya mtoto ashindwe kujivua ngozi. Ukienda dukani usiseme "nataka dawa ya wadudu". Taja kidugamba wa ngao, kisha soma kiambato kwenye lebo kabla ya kulipa.

*Inafika wapi.* Hii ndiyo nguvu yake. Dawa ya kunyonywa hufika juu ya mti ambako ngazi haifiki, na kwenye mikunjo ambamo mswaki haupenyi.

*Muda na pesa.* Muda mdogo kuliko zote. Pesa zaidi, hasa ukihesabu glavu, barakoa na miwani, ambavyo si hiari.

*Hatari.* Nyingi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku imidaklopridi na ndugu zake wawili kutumika nje ya vibanda vya kukuzia mimea (greenhouse) mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki, na mlimau wenye maua ni meza ya nyuki. Kwa mmea wa kula, fuata siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kama mmea wako hautajwi kwenye lebo, dawa hiyo si yake. Kenya, dawa halali ina namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu. Kichupa kidogo kilichojazwa nyuma ya duka hakina, usikinunue hata kwa nusu bei. Halafu kuna majirani. Katika ploti zetu, chini ya balkoni yako kuna kamba ya nguo za mtoto wa mtu. Nilipokuwa nachanganya dawa yangu, mama wa orofa ya kwanza alitoa kichwa dirishani: "Baba, hiyo unapuliza itashukia wapi?" Sikuwa na jibu. Niliifunga chupa.

Hatari nyingine huja polepole. Dawa ya kuua kila kitu huua kwanza wale walio nje, yaani nyigu na mbawakawa wanaowala vidugamba, huku vidugamba wenyewe wakiwa wamejifunika. Mjini South Lake Tahoe, Marekani, upulizaji wa dawa dhidi ya mbu ulifuatwa na mlipuko wa vidugamba wa ngao kwenye misonobari. Upulizaji ulipoachwa, maadui wao walirudi na wadudu wakapungua. Na vidugamba huizoea dawa. Mwaka 1914 mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Washington, Marekani, aitwaye Melander, aliuliza kwa maandishi kama wadudu wanaweza kuwa sugu kwa dawa, jambo ambalo halikuwa limeandikwa hivyo kabla yake. Mdudu aliyemtia shaka alikuwa kidugamba wa ngao wa San Jose.

*Inamfaa nani.* Mwenye mti mrefu wa mapambo au ua mrefu uliovamiwa vibaya, mahali ambapo hakuna anayevuna wala kulala chini yake, na anayeweza kumlipa mpulizaji aliyefunzwa. Pia mwenye kitalu cha biashara ambaye mdudu mmoja aliyeuzwa ni jina lake limeuzwa.

Kuwaachia nyigu na mbawakawa

Yule mzee wa Limuru alikuwa ameona matundu. Ngao kadhaa kwenye kijitawi changu zilikuwa na tundu la mviringo safi, kama limetobolewa kwa sindano ya moto. Ni mlango wa kutokea wa nyigu mdogo aliyekulia ndani.

*Inamwua nani.* Inategemea ni adui gani. Nyigu wa jenasi Aphytis, wa manjano, wenye urefu wa milimita moja hivi, hutaga chini ya ngao, na mtoto wao humla mwenyeji wake papo hapo. California ilimwingiza mmoja wao, Aphytis melinus, kutoka India na Pakistani katika miaka ya 1950, na hadi leo wakulima wa machungwa huko humnunua na kumwachilia mashambani. Mbawakawa wa jenasi Chilocorus, weusi wanaong'aa kama kifungo cha koti, hutafuna vidugamba wakubwa kwa wadogo. Watoto wao wana miiba na wanatisha. Nimewahi kuwaponda nikidhani ndio waharibifu.

*Inafika wapi.* Kila mahali, na wanajitafutia njia.

*Muda na pesa.* Pesa hakuna, ila miezi mingi. Wafugaji wa wadudu wema wapo nchini, lakini soko lao ni mashamba makubwa ya maua. Mwenye mlimau mmoja atategemea waliopo mtaani. Kazi yako ni kuwaondolea vikwazo viwili. Cha kwanza ni vumbi, ambalo huwasumbua nyigu kutaga. Kama unaishi kando ya barabara ya murram, osha majani kwa mpira wa maji kila wiki wakati wa kiangazi. Cha pili ni sisimizi. Hawafugi vidugamba wa ngao, lakini wakipanda kumfuata mdudu mwingine mwenye sukari kwenye mti huo huo, huwafukuza nyigu wakipita. Funga utepe wa kitambaa shinani na upake grisi juu ya utepe, si juu ya gome.

*Hatari.* Ni kwamba hawatakuja, au watachelewa. Ndani ya nyumba hawaji kabisa.

*Inamfaa nani.* Mwenye mti mkubwa wa nje ambao bado una nguvu, na moyo wa kuona madoa machache kwenye tunda bila kukosa usingizi. Maganda ya limau yenye ngao tatu hayajawahi kumdhuru mtu. Yanasuguliwa, yanakatwa, chai inanywewa.

Sasa wewe uko wapi?

Una okidi, dungusi au mtende mdogo sebuleni: utenge na mingine leo, kisha mswaki au pamba yenye spiriti kila siku kumi. Nyigu hawatakuja sebuleni, na dawa kali ndani ya nyumba yenye watoto haina hoja.

Una mlimau au mchungwa kwenye dramu: kata matawi yaliyofunikwa kabisa, piga mswaki shina, halafu mafuta jioni, mara tatu. Baada ya hapo simama mwezi mzima. Ponda wachache uone kama ni hai, tafuta matundu. Ukiyaona, ficha mafuta na ubaki na mswaki.

Una mwembe au mparachichi mkubwa kule Ruiru au Kitengela: anza na kuosha vumbi, kuzuia sisimizi na kupunguza matawi ya ndani ili hewa na mwanga vipite. Upe msimu mmoja. Matawi yakianza kukauka kutoka ncha, hapo mafuta kwa pampu, na upande uliokithiri kwanza. Mwembe wenye vidugamba weupe huonekana vibaya kuliko unavyoumwa, hasa majani ya zamani. Tazama majani mapya ndipo uamue.

Una ua wa mtaa mzima na kamati inayotaka matokeo kabla ya mkutano: pogoa sana kwanza, maana nusu ya wadudu itaondoka na matawi, na dawa itakayohitajika itapungua. Ikibidi kupuliza, wajulishe watu siku mbili kabla, chagua asubuhi isiyo na upepo, na usiguse mimea yenye maua.

Unapanga chumba na balkoni yako iko juu ya kamba za wengine: mswaki, na mafuta siku ambayo kamba ni tupu.

Mmea wako ulikuwa wa bei ndogo na sasa shina lote limevaa ngao kama magamba ya samaki: utie kwenye gunia, ufunge, uutoe. Usiuweke pembeni "kwa muda". Ukienda kununua mwingine kando ya barabara, iwe Ngong Road, Kiambu Road au pale ulipozoea, usianze na maua. Inama, geuza majani matatu ya chini, pitisha ukucha kwenye shina karibu na udongo. Muuzaji akikuuliza unatafuta nini, mwambie. Ukifika nyumbani, uweke peke yake wiki tatu kabla haujasogezwa karibu na wenzake.